Kisibiti Kwenye Mkate

Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa
na kazi yangu ilikuwa vifuniko.
Mama alijaza jemu ya plamu, mimi nikafunga,
nikaivisha kila chupa kilemba cha kitambaa.
Mikate arobaini na mmoja jikoni kwetu, Decatur,
tukaipakia garini alfajiri
na kuifunika blanketi kama vichanga.
"Waheshimiwa wanakula," alisema mama,
"na mtu aliyekula kwako
haoni rahisi kukupa kisogo."

Kule Springfield, katika jumba lenye kuba,
alipanda ngazi na wenzake kwa nguo za kanisani,
wakibisha mlango kwa mlango:
Tuacheni tulivyo.
Msitie katika katiba sentensi
itakayomvisha binti yangu buti za vita.
Binti ni mimi. Nilishika kikapu.

Na chini, penye nguzo,
kwa gauni jeupe na utepe wa kijani,
alisimama mama mdogo Maxine,
Maxine wa kiwanda cha wanga,
aliyewafundisha kazi wanaume watatu
na wote watatu wakawa wakubwa wake.
Karatasi yake ya mshahara aliikuza
ikawa pana kama shuka.

Wamenyonya ziwa moja, hawa.
Kamati ileile ya kanisa iliwafundisha simu:
wewe pigia watano, kila mmoja apigie watano,
na kabla ya taa kuzimwa
kaunti nzima inajua nani kafiwa,
nani apelekewe supu.
Mti ni uleule. Walipasua shina.

Kabla ya hapo chama kilikuwa nini kwetu?
Babu alikipa kura hiki kwa sababu ya lami,
bibi kile, kwa kuwa mgombea alikuja mazishini,
na usiku walilala kitanda kimoja.
Kisha wakaja wanaume wenye kalamu,
mmoja akaketi kwenye kochi letu,
mwenzake kwenye kochi la Maxine.
Hawakuuliza habari za mkate wala mshahara.
Waliuliza: mna majina mangapi?

Panzi walipigana. Kunguru alivaa tai.

Lakini nisiwasingizie; hawakuwa panzi.
Mama hakutumwa na mtu.
Alimtazama jirani yetu Bernadine,
aliyeachwa bila senti baada ya miaka ishirini na sita,
akaogopa: sheria ikisema sote sawa,
nani atamlazimisha mume kulisha?
Maxine alimtazama Bernadine huyohuyo,
akasema: si unaona? Tayari halishwi.

Bernadine mwenyewe hakuna aliyempigia simu.

Sikukuu ya shukrani, Novemba ile,
bata mzinga wawili waliokwa mtaa mmoja.
Tulisikia harufu ya wao. Nao ya wetu.

Leo wanangu wawili hawapokeleani simu.
Ile sentensi hawaijui ilivyoandikwa;
wanajua rangi tu.

Mama alipokufa nilifungua kopo la mapishi.
Kadi ya mkate ule, mkate wa waheshimiwa,
ilikuwa kwa mwandiko wa Maxine:
Kisibiti vijiko viwili. Usizidishe, Ardith.

Nikampigia. Ana miaka themanini na minane,
anapokea kwa kupaza sauti.
"Siku ile," akasema, "mheshimiwa mmoja
aliteremka akanipita, ana makombo kwenye tai.
Akaniambia, bado sijaamua, mama.
Pumzi yake ilinuka kisibiti.
Nikajua naliwa kwa mkate wangu."

Akacheka, au labda alikohoa.
Nikasubiri. Waya ulivuma baina yetu.

"Na jemu," akauliza, "ilikuwa ya nini?"
"Plamu."
"Ilitaka ndimu," akasema. "Nilimwambia.
Sikuzote nilimwambia."